Redio Mkobani: Mnauliza FT8, Tunajibu

Barua nyingi za safari hii zinafanana: mtu ametoka nje na redio yake, amefunga waya juu ya mti, amefungua FT8 (modi ya redio ya ridhaa ambayo kompyuta hutuma na kusoma ujumbe mfupi kwa zamu), na mambo yamegoma. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Mtaona majibu yetu yanashauri kupunguza mara nyingi kuliko kuongeza. Tumefanya makusudi.

SWALI: Nimepata leseni na alama yangu ya wito hivi karibuni. Nataka kuanza na FT8 nikiwa nje, si nyumbani. Nibebe nini, na je, wati 5 zinatosha?

Zinatosha. FT8 ilitolewa mwaka 2017 na Joe Taylor (K1JT) pamoja na Steve Franke (K9AN), na iliundwa kwa ajili ya mawimbi dhaifu. Programu husoma ujumbe uliozama chini ya kelele hadi desibeli 21 hivi, mahali ambapo sikio haliambulii kitu. Kila ujumbe unachukua sekunde 12.64 ndani ya zamu ya sekunde 15, kwa upana wa hezi 50 tu. Kwa hiyo wati 5 unazoziona haba zimekusanywa mahali padogo sana.

Mkobani weka redio ya HF (masafa ya 3 hadi 30 MHz) yenye SSB (modi ya ukanda mmoja wa pembeni), betri, antena ya waya na kebo yake, laptopu, na kiunganishi cha kupitisha sauti kati ya redio na laptopu. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau kukiuliza dukani. Redio kama IC-705 ina kadi ya sauti ndani yake, na kebo moja ya USB hubeba sauti pamoja na amri za kurusha na kubadili masafa. FT-818 na FT-891 hazina kadi hiyo, hivyo utahitaji kisanduku cha nje. Ukiilinganisha bei ya redio mbili, jumlisha na kisanduku. Ongeza pia kebo ya USB ya akiba, fyuzi mbili tatu na tepu. Kebo ya akiba haina uzito wa kukuchosha, lakini ikikosekana safari imekwisha.

Programu inayotumika zaidi ni WSJT-X. Ni ya bure na ipo kwa Windows, Linux na macOS. Weka alama yako ya wito na alama nne (herufi mbili na tarakimu mbili) za mraba wako wa eneo, yaani kipande cha ramani ya dunia ulichomo, kisha uiweke redio kwenye 14.074 MHz mchana au 7.074 MHz jioni na usiku. Modi ni USB kwa bendi zote, hata zile za chini ambako watu huzungumza kwa LSB (ukanda wa pembeni wa chini). Na hapa wengi hujikwaa: USB iliyoandikwa kwenye kioo cha redio ni ule ukanda wa pembeni wa juu, haihusiani kabisa na kebo ya USB iliyochomekwa nyuma. Kama redio ina modi ya DATA-U au USB-D, chagua hiyo, kwa sababu huzima maikrofoni na kupokea sauti kutoka kwenye kebo.

Ukihama kilomita nyingi, badilisha mraba wa eneo. Mraba mmoja wa alama nne una digrii 2 za longitudo na digrii 1 ya latitudo, kwa hiyo ni rahisi kuvuka mpaka wake bila kujua na kuwapa wenzako mahali usipokuwepo.

SWALI: Nibebe dipoli (antena ya nyaya mbili sawa inayolishwa katikati) au ule waya unaolishwa mwishoni? Na dipoli naikata vipi? Kila nikifuata hesabu ya kitabuni, SWR (kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio, 1 ikiwa bora kabisa) inatua mahali pengine.

Hesabu ya kitabuni si mbaya, ila ni ya waya mtupu ulio juu sana hewani. Urefu wa dipoli nzima kwa mita ni 142.6 ugawanye kwa megahezi. Kwa 14.1 MHz unapata mita 10.11, yaani mita 5.06 kila upande. Usikate hapo. Waya wenye ganda la plastiki hujiona mrefu kuliko ulivyo, kwa asilimia 3 hivi, na ardhi iliyo karibu nayo huivuta antena kwa namna yake.

Kata mita 5.20 kila upande. Tundika antena katika umbo lile lile utakalolitumia siku zote, kisha utafute masafa ambapo SWR iko chini kabisa. Tuseme umeyakuta kwenye 13.30 MHz. Zidisha 5.20 kwa 13.30, ugawanye kwa 14.10, na jibu ni 4.905. Basi kila upande umezidi kama sentimita 29. Ondoa 25 kwanza, upime tena, ndipo umalizie. Tena si lazima ukate. Kunja ncha irudi nyuma na uisokote juu ya waya wenyewe. Mkunjo huo hufupisha antena karibu sawa na kukata, na ukikosea unaukunjua. Mkasi uje siku ya pili au ya tatu, ukisharidhika.

Umbo rahisi kwa mtu aliye peke yake ni V iliyopinduliwa: katikati juu ya fimbo, mita 6 au zaidi, ncha zikishuka hadi mita 2 au 3 kutoka ardhini, na pembe ya kileleni isipungue digrii 90. Fimbo iwe ya fiberiglasi. Zile fimbo nyepesi za kaboni zinazouzwa kwa wavuvi hupitisha umeme, na waya ukizungushwa juu yake vipimo vyote vinavurugika.

Waya unaolishwa mwishoni una faida moja kubwa: mita 20 hivi za waya zinakupa bendi za mita 40, 20, 15 na 10 (yaani 7, 14, 21 na 28 MHz hivi) bila kubadilisha kitu, na unahitaji tawi moja tu la kufungia. Gharama yake ni transfoma. Mwisho wa waya wa nusu wimbi una ukinzani wa omu elfu mbili na zaidi, wakati redio inataka 50. Transfoma ya 49 kwa 1 hushusha omu 2450 hadi 50. Tumia ringi ya feraiti (kauri ya sumaku) FT140-43, mizunguko 2 upande wa redio na 14 upande wa waya, pamoja na kapasita ya pikofaradi 100 inayostahimili volti 1000 au zaidi, iliyofungwa sambamba na ile mizunguko miwili. Kapasita hiyo hunyoosha SWR kwenye bendi za juu. Ukiiacha, mita 40 itakuwa sawa, ila mita 10 itakusumbua.

Ijaribu mezani kabla ya kwenda nayo porini. Weka rezista za omu 2200 na 220 kwa mfuatano mahali pa waya, kisha upime kwa NanoVNA au kipimo kingine cha antena. SWR ikikaa chini ya 1.5 kwenye bendi unazozitaka, transfoma ni nzima. Usirushe kwa redio kwenye rezista hizo ndogo, zitaungua.

Jihadhari na ncha. Wati 50 kwenye omu 2450 ni takriban volti 350, na volti hizo zipo pale waya unapoanzia na pale unapoishia. Usiweke ncha mahali mtoto au mpita njia anaweza kuigusa, na usirushe waya kuvuka mti ulio jirani na nyaya za umeme, hata kama tawi lake linakuita.

Kuhusu SWR yenyewe: 1.5 ni nzuri na 2 inafanya kazi. Kuifukuzia 1.1 ni kupoteza jua lote la siku.

SWALI: Naona mistari mingi kwenye maporomoko ya rangi ya WSJT-X (picha ya ishara inayoshuka kwenye skrini), tena yenye nguvu, lakini hakuna hata alama moja ya wito inayosomwa. Nyumbani kompyuta hiyo hiyo inafanya kazi vizuri.

"Nyumbani inafanya kazi" ndilo jibu. Nyumbani kuna intaneti, na intaneti ndiyo inayoisahihisha saa ya kompyuta. Ukiwa nje saa inajiendesha yenyewe, na laptopu kuteleza sekunde moja kwa siku si ajabu. FT8 huanza kusikiliza kila sekunde ya 0, 15, 30 na 45. Ukiwa umeachana na wenzako kwa zaidi ya sekunde mbili hivi, unasikiliza dirisha ambalo si lao.

Saa ikiwa imepotoka kidogo tu, programu itasoma baadhi, na hapo safu ya DT (tofauti ya saa kwa sekunde) itakuambia kila kitu. Kwa kawaida namba zake huzunguka sifuri, wengine juu kidogo, wengine chini. Ukiona karibu wote wana +1.2, si kwamba dunia nzima imechelewa: saa yako imetangulia sekunde 1.2, irudishe nyuma. Wote wakiwa hasi, saa yako inachelewa.

Dawa ya kudumu ni kipokezi kidogo cha GPS cha USB na programu ya kusahihisha saa kwa kukitumia. Kikiona anga wazi kwa dakika kadhaa kinatosha kwa siku nzima. Usipokuwa nacho, tumia saa ya simu yenye mtandao: fungua mipangilio ya saa ya kompyuta, andika dakika inayofuata na sekunde sifuri, kisha ubonyeze kitufe cha kuthibitisha simu inapogonga dakika. Hata simu isiposhika mtandao bado una redio mkononi. Kituo cha Marekani cha WWV hutangaza saa kwenye 5, 10 na 15 MHz, na mlio wake wa mwanzo wa dakika husikika mbali bendi zikiwa wazi.

Kama saa ni sahihi na bado kimya, piga makofi karibu na laptopu. Ndiyo, makofi. Maporomoko yakiruka rangi, programu inasikiliza maikrofoni ya laptopu badala ya redio, na mistari uliyoiona ilitoka kwenye spika ya redio ikapita hewani. Badilisha chanzo cha sauti. Tazama pia upana wa maporomoko: ikiwa ni kipande chembamba tu katikati chenye rangi, kichujio cha redio kimebanwa kwa ajili ya msimbo wa Morse. Kifungue hadi hezi 3000 hivi, uzime vipunguza kelele vya redio, kwa maana vinapunguza pia unachokitafuta. Kipimo cha sauti upande wa kushoto kikae karibu na 30 pale kunapokuwa na kelele ya bendi tu.

SWALI: Mtu mmoja ameniandikia kwamba ishara yangu inaonekana mahali pawili kwenye skrini yake na ni pana. Narusha kwa wati 10 tu. Kosa liko wapi?

Kosa haliko kwenye wati, liko kwenye sauti inayoingia redioni. Kompyuta inapeleka mlio. Mlio ukiwa mkubwa mno, kadi ya sauti au redio huukata vichwa, na kila unapokatwa huzaa nakala zake. Ukirusha mlio wa hezi 600, nakala zinatokea 1200 na 1800. Hiyo ndiyo "mahali pawili" aliyoiona mwenzako, na nakala hizo zinaketi juu ya watu wengine.

Fanya hivi ukiwa umeunganisha mzigo bandia wa omu 50 (rezista kubwa inayomeza nguvu yote), si antena. Weka nguvu ya redio unayotaka, zima kibana sauti cha maikrofoni, na ushushe kitelezi cha "Pwr" kwenye WSJT-X hadi chini kabisa. Bonyeza "Tune" na upandishe kitelezi taratibu huku ukitazama kipimo cha ALC (mfumo wa redio wa kujizuia sauti ikizidi). Sindano ya ALC inapoanza tu kutikisika, rudi nyuma hadi itulie na nguvu ipungue kidogo. Ukifika hapo umemaliza. Ukitaka wati zaidi, ongeza kwenye redio, si kwenye kitelezi. Kitelezi kikiwa karibu na sakafu kabisa na ALC bado inaruka, punguza sauti kwenye mipangilio ya kompyuta au ya redio ili kitelezi kipate nafasi ya kucheza.

Kanuni hiyo ina walioachwa nje. Redio za Elecraft zinataka vijiti vinne vya ALC viwake na cha tano kimetemete. Huko kukosa ALC ndiko kosa. Soma kitabu cha redio yako kabla ya kumwamini yeyote, sisi tukiwemo.

Kinga ya pili ni kurusha mlio wa juu. Ukiwa hezi 1500 na kuendelea, nakala ya kwanza inaangukia 3000, ambako kichujio cha redio kinaimeza. Mpangilio wa "Split Operation", ukiwekwa "Rig" au "Fake It", hufanya kazi hiyo peke yake kwa kusogeza masafa ya redio huku na huko. Na tafadhali ielekeze milio ya mfumo wa kompyuta kwenye spika za laptopu. Kengele ya barua pepe mpya ikirushwa hewani ni aibu isiyo na sababu.

SWALI: Kila nikirusha, laptopu inaachana na redio. Programu inaganda, na mara mbili redio imebaki inarusha mpaka nikachomoa betri. Nimebadilisha kebo ya USB, bado.

Hapa mawimbi unayoyarusha yanarudi mezani kwa njia ya mlango wa nyuma, yaani juu ya ganda la nje la kebo ya antena, na kutoka hapo yanaingia kwenye kebo ya USB. Uhakikishe kwanza. Ondoa antena, weka mzigo bandia, urushe kwa nguvu ile ile. Tatizo likiisha, ni mawimbi. Likibaki, usipoteze muda na feraiti: tazama volti za betri wakati wa kurusha, au namba ya mlango wa COM (njia ya amri kati ya kompyuta na redio), ambayo Windows huweza kuibadilisha ukichomeka kebo kwenye tundu jingine.

Ikiwa ni mawimbi, anzia kwenye antena. Waya unaolishwa mwishoni hauna upande wa pili, na usipoupa kitu cha kusukumia, unajichukulia kebo. Kebo hiyo inaweza kuwa upande wa pili mzuri tu, ili mradi uamue iishie wapi. Acha mita kadhaa kutoka kwenye transfoma, halafu weka choki (kizuizi cha mawimbi hayo) karibu na redio. Choki ya kubebeka ni mizunguko 10 hadi 12 ya kebo nyembamba ya RG-316 kwenye ringi ya FT140-43, ikiwa na plagi kila upande. Kwenye dipoli, choki hiyo hiyo inakaa juu, pale kebo inapokutana na nyaya mbili.

Kisha USB. Tumia kebo fupi, ya nusu mita ukiipata, na klipu ya feraiti aina ya 31. Kuipitisha kebo mara moja ndani ya klipu ni kama kumnong'oneza kiziwi. Izungushe mara tatu: uzuiaji hukua kwa mraba wa mizunguko, hivyo mitatu ni karibu mara tisa ya mmoja. Weka klipu moja upande wa redio na nyingine upande wa laptopu. Endesha laptopu kwa betri yake, kwa sababu chaja ni waya mwingine mrefu unaokaribisha mawimbi, mbali na kelele inayoleta yenyewe.

Ukiwa bado unatafuta, shusha nguvu hadi wati 1, kisha upande 2, 5, 10. Ukijua inagandia kwenye ngapi, utajua kila hatua uliyochukua imekusaidia kiasi gani. Mara nyingi mtu aliyeganda kwenye wati 20 akishuka hadi 10 anamaliza mchana wake kwa amani, na kwa mwenzake wa upande wa pili tofauti ni desibeli 3 tu.

SWALI: Betri ya ukubwa gani kwa saa nne za FT8?

Tazama namba za redio yako kisha ufuate mfano huu. Redio ya wati 5 inayotumia ampea 0.5 ikisikiliza na ampea 2 ikirusha: ukirusha kila zamu ya pili, katika sekunde 30 unarusha 12.64, yaani asilimia 42. Wastani ni 0.42 mara 2, ukijumlisha 0.58 mara 0.5, jibu kama ampea 1.13. Kwa saa nne ni ampea-saa 4.5. Betri ya LiFePO4 (aina ya betri ya lithiamu) ya ampea-saa 6 itakufikisha na kubakiza. Hapo tumechukulia unarusha bila kupumzika, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Laptopu tumeiacha nje ya hesabu, na mara nyingi ndiyo inayozima kwanza.

LiFePO4 ina tabia moja ya kuijua. Hushikilia volti 13 hivi karibu safari nzima, halafu huanguka ghafla. Ukitegemea kipimo cha volti kukuonya, kitakuonya umeshachelewa. Hesabu ampea-saa.

Redio kubwa ina tatizo la ziada, nalo ni waya. Kebo ya umeme ya mita 2 yenye unene wa milimita 1 ya mraba ina omu 0.07 kwenda na kurudi. Kwa ampea 2 unapoteza volti 0.14, hakuna anayejali. Kwa ampea 20 unapoteza volti 1.4, na redio inazima kila inapoanza kurusha huku betri ikiwa imejaa. Milimita 4 za mraba hushusha hasara hiyo hadi 0.35. Fyuzi ikae upande wa betri, sentimita chache kutoka kwenye ncha yake chanya.

Na joto. FT8 si kama sauti ya mtu inayopanda na kushuka. Kwa sekunde 12.64 redio inatoa nguvu yote bila kupumua. Redio ya wati 100 iweke 30 au 40. Ringi ya transfoma nayo inachemka: ukiona SWR inapanda polepole ndani ya zamu moja na kushuka ukinyamaza, ni feraiti inayoomba msamaha. Punguza wati. Ukitaka kuigusa, acha kwanza kurusha.

SWALI: Naita CQ (wito kwa yeyote anayesikia) nusu saa, hakuna anayejibu. Nikijibu wengine, hawanioni. Lakini mimi nawasoma watu wengi sana!

Kuwasoma wengi ni dalili kwamba uko mahali patulivu. Wao wako mijini, wamezungukwa na chaja na taa za LED, na kelele yao iko juu kuliko yako. Ndiyo maana unawasikia kuliko wanavyokusikia.

Fanya hesabu kabla ya kubofya. Kutoka wati 100 hadi wati 5 ni desibeli 13. Ukimsoma mtu kwa desibeli -20 na anarusha wati 100, wati zako 5 zitamfikia kama -33, na FT8 haisomi chini ya -21 hivi. Huyo mwache. Mtu unayemsoma kwa -5 atakupata karibu na -18, hata kabla ya kukata kelele yake. Jibu wenye namba za juu, na uwaache wenye -15 wapite.

Usijibu juu ya mlio wa anayeita. Tafuta pengo safi kwenye maporomoko, ubofye hapo huku umeshika Shift, uweke tiki kwenye "Hold Tx Freq", ndipo ubofye mara mbili alama ya wito. Pengo lazima liwe safi katika zamu *yako*: tazama zamu mbili au tatu kabla ya kuamua, kwa kuwa wanaorusha pamoja nawe huwezi kuwaona ukiwa unarusha. Kila baada ya wito kadhaa ruka zamu moja uangalie kama kuna aliyekukalia.

Kujua kama unasikika kabisa, fungua PSK Reporter, tovuti inayoonyesha nani amekusikia, kwa simu dakika chache baada ya kuita. Ukionekana kwenye ramani yake na hujibiwi, tatizo ni uchaguzi wa watu. Usipoonekana hata kidogo, rudi kwenye kebo, plagi na antena.

SWALI: Naweza kuiacha laptopu nyumbani nikatumia simu?

Kwa Android, ndiyo. FT8CN ni programu ya bure, na inazungumza na redio nyingi kwa kebo ya USB kupitia adapta ya OTG (inayowezesha simu kuunganishwa na vifaa vya USB). Simu nayo hupata saa sahihi yenyewe, hivyo tatizo la DT linapungua sana. Tayarisha kila kitu nyumbani, ikiwemo aina ya redio na kasi ya mawasiliano, maana kuhangaika na mipangilio kwenye kioo kidogo juani ni adhabu. Weka simu kwenye modi ya ndege ikiwa huhitaji mtandao, ili simu inayoingia isikatize zamu yako.

SWALI: FT8 imenichosha. Alama, namba, 73 (salamu ya kuagana), basi. Hakuna modi ya kuongea?

Ipo, tena zaidi ya moja. FT8 ina nafasi ya herufi 13 tu za maneno huru, kwa hiyo usiilazimishe. JS8Call imechukua mbinu ya FT8 na kuigeuza kuwa ya maandishi: unaandika sentensi, inagawanywa katika zamu kadhaa, na kituo chako kinaweza kumjibu mtu hata ukiwa umekwenda kuchota maji, ikiwa sheria za leseni yako zinaruhusu kituo kisicho na mtu. Utawakuta kwenye 7.078 na 14.078 MHz. Nayo inahitaji saa sahihi.

Usipotaka habari ya saa kabisa, jaribu PSK31 kwa programu ya Fldigi, karibu na 14.070 MHz. Iliundwa na Peter Martinez (G3PLX) miaka ya 1990. Unaandika na mwenzako anasoma herufi kwa herufi, kwa mwendo wa mtu anayechapa taratibu, ndani ya upana wa hezi 31 hivi. Haichimbi chini ya kelele kama FT8, ila mnazungumza kweli. Onyo la ALC linauma huku kuliko popote: ishara ya PSK31 iliyozidishwa sauti huota mabawa pande zote mbili na kuwafunika majirani watano. Ukimwona mtu wa hivyo, mwandikie kwa upole, na umtajie mabawa yake yanafika hezi ngapi kutoka katikati ili ajue ashushe kiasi gani.